Mahindi yakinyeshewa: mvua, jua na sumukuvu katika chakula cha nyumbani



Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), na ikaandikwa katika Sahihi ya Imam Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Akaingiza mkono wake ndani ya rundo, na vidole vyake vikapata unyevu. Alipomuuliza mwenye nafaka, yule mtu alieleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba ile iliyolowa ilipaswa kuwekwa juu ili watu waione, kisha akakemea udanganyifu kwa maneno mazito ambayo kila aliyepita madrasa anayajua.

Masheikh wetu huisomesha hadithi hii katika mlango wa biashara, na hapo ndipo mahali pake. Lakini mtu wa afya akiisoma anaona humo jambo la pili. Nafaka iliyonyeshewa hukauka juu kwanza, ndani ikabaki na maji. Jicho halioni, mkono ndio unaojua. Nafaka ya namna hiyo ikikaa siku chache katika joto huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu inayoharibu ini la mwanadamu. Sumu hiyo ndiyo wataalamu wetu wanayoiita sumukuvu.

Wengi wetu huona kuwa mahindi kubunguliwa au kuota ukungu ni bahati mbaya, mwaka huu imetupata sisi, mwakani itampata jirani. Sivyo. Wadudu na kuvu wana majira yao, na majira hayo yanafuata mvua, jua na upepo. Familia inayojua ni hali gani ya hewa huleta adui gani inaweza kujikinga kwa gharama ndogo. Isiyojua hula hasara, na mara nyingine hula sumu yenyewe.

MISIMU YETU YA KANDA YA ZIWA

Sisi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria tuna misimu miwili ya mvua. Vuli huanza Oktoba na kuishia Desemba, masika huanza Machi na kuishia Mei. Kati yake, Januari na Februari, mvua hupungua lakini haikatiki kabisa. Kiangazi cha kweli ni Juni hadi Agosti.

Sasa tazama mavuno. Mahindi ya masika huvunwa Juni na Julai, jua likiwa kali na mawingu machache. Huyo ni mkulima aliyebahatika. Lakini mahindi ya vuli hukomaa Januari na Februari, katika kipindi kifupi kilichobanwa na mvua pande zote mbili. Vuli ikichelewa kuisha, au masika ikiwahi kuanza, mahindi hukomaa na kuvunwa chini ya mawingu. Kwa hiyo gunia la vuli linahitaji uangalizi mkubwa kuliko gunia la masika, hata kama yote mawili yametoka shamba moja na mbegu moja.

Jambo la pili ni ziwa lenyewe. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na usiku hugeuka. Mvua nyingi za ufukweni kwetu hupiga usiku wa manane au alfajiri, wakati watu wamelala na maanikio yapo nje. Hata pasipo mvua, hewa ya alfajiri kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Na nafaka, ndugu msomaji, ni kama kitambaa: hutoa maji hewa ikiwa kavu, na huyanyonya tena hewa ikiwa na unyevu. Kinachokauka mchana kutwa na kuachwa nje usiku hurudisha sehemu ya maji yake kabla ya adhana ya Alfajiri.

Wataalamu wamepima jambo hili. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 70, mahindi yaliyoachwa wazi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 13 hadi 14 hivi. Hewa ikizidi hapo, nayo nafaka huzidi. Ndiyo maana viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Chini ya hapo kuvu nyingi hushindwa kuota. Karanga, kwa sababu ya mafuta yake, zinatakiwa zikauke zaidi, hadi asilimia 7 hivi.

KUVU HUANZIA SHAMBANI

Watu hudhani kuvu ni ugonjwa wa mvua peke yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuvu inayoitwa Aspergillus flavus, ambayo ndiyo mzalishaji mkuu wa sumu ya aflatoksini, hupenda joto na hushambulia mmea uliodhoofishwa na ukame. Mbegu zake ni vumbi lisiloonekana linaloishi katika udongo na mabua ya zamani. Upepo hulibeba hadi kwenye ndevu za muhindi, nalo hupenya ndani kupitia hapo au kupitia matundu ya wadudu. Karanga nazo hupata kuvu hiyo zikiwa bado ardhini, kwa maana ukame ukizidi maganda hupasuka na udongo ukaingia. Kwa hiyo mwaka wa jua kali, mahindi yanaweza kuja nyumbani yakiwa makavu na meupe, na sumu ikiwa tayari imo ndani.

Ipo kuvu ya pili iitwayo Fusarium. Hii hupenda mvua wakati muhindi unapotoa ndevu na kukomaa, na hufuata njia za viwavi wanaotoboa gunzi. Sumu yake huitwa fumonisini. Punje zake huonekana zenye rangi ya waridi au michirizi myeupe. Basi shika kanuni hii: ukame na joto huleta aflatoksini, mvua nyingi kwenye ukomavu huleta fumonisini. Na msimu mbaya kuliko yote ni ule unaochanganya mambo mawili, jua linaudhoofisha mmea, kisha mvua inakuja siku za kuvuna.

Hilo ndilo lililowapata jirani zetu wa Kenya mwaka 2004. Katika Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui, ukame ulifuatiwa na mvua zisizo za msimu wakati wa mavuno. Watu walikuwa na njaa, wakavuna mapema, wakahifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba zao. Wagonjwa 317 waliandikwa, na 125 kati yao walifariki. Hawakula chakula kigeni. Walikula ugali wa mahindi ya mashamba yao.

Wala tusiseme hayo ni ya Kenya. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, katika wilaya kama Chemba, Kondoa na Kiteto, walianza kuugua: macho kuwa ya manjano, tumbo kuuma na kujaa, kutapika. Walioandikwa walikuwa 68, waliofariki 20, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Uchunguzi ulionyesha aflatoksini katika mahindi waliyokuwa wakila.

GHALANI: FUKUSI NA DUMUZI

Nafaka ikishaingia ndani, hali ya hewa haiachi kazi yake. Wadudu wa ghalani hawana joto lao wenyewe, hivyo hutegemea joto la mahali walipo. Katika nyuzi joto 27 hadi 30, ambazo ni za kawaida katika chumba chenye bati hapa Mwanza, fukusi hukamilisha maisha yake kutoka yai hadi mdudu mzima kwa wiki tano hivi. Jike moja hutaga mayai zaidi ya mia, kila yai ndani ya punje yake, na kuliziba kwa utomvu. Ndiyo maana unaweza kufunga gunia safi mwezi wa pili, na ukalifungua mwezi wa tano ukakuta linatembea.

Fukusi hupenda nafaka yenye unyevu. Nafaka ikikaushwa sawasawa hudhoofika na kuzaa kidogo. Lakini kuna mwenzake asiyejali sana jambo hilo, naye ni dumuzi, ambaye wakulima wetu walimpa jina la Scania. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Alithibitishwa nchini kwetu mara ya kwanza mkoani Tabora mwaka 1981, na kutoka hapo akaenea Kanda ya Ziwa na nchi jirani, akisafiri ndani ya magunia ya biashara na kuruka kwa mbawa zake. Dumuzi huweza kuzaliana hata katika mahindi yenye unyevu wa asilimia 9 tu. Hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa kuwa gunzi humpa mahali pa kujiegemeza anapotoboa, na hupenda pia makopa ya muhogo. Akiachwa miezi mitatu hadi sita anaweza kuondoa karibu theluthi ya uzito wa mahindi, akibakisha vumbi la unga.

Msomaji wa Qur'ani anaweza kuuliza: je, Nabii Yusuf (a.s.) hakushauri kuwa nafaka iachwe katika masuke yake, isipokuwa kidogo ya kula? Ndiyo, katika Sura inayoitwa kwa jina lake, Aya ya 47. Na shauri hilo lilikuwa la hekima kubwa: nafaka ya Misri hukaa ndani ya ganda lake, hewa ya huko ni kavu, na suke huzuia mdudu asifikie punje. Hata kwetu mahindi yenye maganda yaliyofunga vizuri humchelewesha fukusi. Lakini pale alipo dumuzi hali ni nyingine, kwa sababu gunzi ndilo ngazi yake. Funzo la kisa ni kupanga hifadhi mapema kabla ya miaka migumu, na kila nchi kuhifadhi kwa namna inayofaa hewa yake na wadudu wake. Kwetu sisi, pukuchua, kausha, kisha hifadhi.

Jambo moja zaidi kuhusu wadudu. Wadudu wengi wakikusanyika katikati ya gunia hupumua, na pumzi yao hutoa joto na mvuke. Ukiingiza mkono unahisi uvuguvugu. Mvuke huo hupanda na kugeuka maji kwenye sehemu za juu zilizo baridi, na hapo kuvu huanza. Kwa hiyo mahindi yaliyoingia ghalani yakiwa makavu yanaweza kuota ukungu bila tone la mvua, kwa sababu wadudu wameleta mvua yao.

SUMU INAVYOFANYA KAZI MWILINI

Dunia iliijua aflatoksini baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula kilichochanganywa na karanga zenye kuvu. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo hakuna shaka kuwa huleta saratani kwa binadamu. Saratani hiyo ni ya ini.

Sumu hii haina ladha wala harufu. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva vizuri unaua vijidudu, lakini aflatoksini hubaki karibu kama ilivyokuwa. Kuosha mahindi na kuanika tena huondoa ukungu unaoonekana, sumu iliyoingia ndani ya punje haitoki.

Madhara yake yako ya aina mbili. Ya kwanza ni ya ghafla, mtu anapokula kiasi kikubwa kwa siku au wiki chache. Hupoteza hamu ya kula, hutapika, tumbo huuma upande wa kulia juu, macho na mkojo hugeuka manjano, miguu huvimba, tumbo hujaa maji, na mwishowe anaweza kutoka damu au kupoteza fahamu. Dalili kubwa ya kumshtua mtu ni hii: watu kadhaa wa nyumba moja, wanaokula chungu kimoja, wanaugua pamoja. Hapo wengine husema wamerogwa, wakapoteza siku za thamani. Haipo dawa ya kuitoa sumu hii mwilini. Kinachookoa ni kuacha mara moja kula nafaka ile na kufika hospitali mapema. Mkienda, bebeni kiasi cha mahindi au unga mliokuwa mkila, na mwambieni tabibu.

Madhara ya pili ni ya pole pole, na haya ndiyo yanayotugusa wengi. Kiasi kidogo cha kila siku, mwaka baada ya mwaka, huchosha ini. Mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari kubwa zaidi, maana nguvu ya aflatoksini ya kuleta saratani ya ini kwake ni takriban mara 30 kuliko kwa asiye na virusi hivyo. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa hiyo mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakupata chanjo hiyo utotoni. Mzazi, mpeleke mtoto amalize chanjo zake, na wewe mwenyewe nenda ukapime.

Kisha yuko mtoto anayeanza kula. Mama zetu hutengeneza unga wa lishe kwa kuchanganya mahindi, karanga, mtama na mchele, na nia ni njema. Lakini mahindi na karanga ndivyo vyakula viwili vinavyobeba aflatoksini kuliko vingine, na mtoto wa miezi minane hula uji huo mara tatu kwa siku akiwa na mwili mdogo. Tafiti za nchi mbalimbali zimehusisha sumukuvu na udumavu wa watoto. Mama anayenyonyesha akila nafaka yenye sumu, sehemu yake hupita katika maziwa. Hivyo basi, kama nyumba ina debe moja tu la nafaka nzuri kuliko nyingine, debe hilo ni la uji wa mtoto na la mama yake. Chambua punje moja moja, karanga zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, na saga kidogo kidogo badala ya kuweka unga wa miezi mitatu.

NINI KIFANYIKE NYUMBANI

Kwanza, kuvuna. Mahindi yakishakomaa yasikae shambani yakisubiri nafasi, kwa sababu kila mvua inayoyakuta ni hasara. Katika msimu wa vuli, ambapo jua ni la kubahatisha, ni bora kuvuna yakiwa bado na unyevu kiasi na kuyamalizia nyumbani kuliko kuyaacha yanyeshewe. Yatenge yaliyoanguka chini, yaliyotobolewa na yenye rangi, yasichanganywe na mazima.

Pili, kuanika. Usianike juu ya udongo mtupu, kwa kuwa humo ndimo kuvu inamoishi na unyevu hupanda kutoka chini. Tandika turubai, au tumia kichanja. Wakazi wa Mwanza tumejaaliwa majabali, na jabali safi lenye joto la jua ni maanikio mazuri, bora lifagiliwe na kuku na mbuzi wazuiwe. Tandaza kwa unene usiozidi vidole vitatu, geuza mara kwa mara, na kabla ya Magharibi funika au ingiza ndani. Wingu likitanda, usisubiri tone la kwanza.

Ili ujue uzito wa kazi hii, fanya hesabu. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi asilimia 13.5, hupoteza zaidi ya lita 7 za maji. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya ndoo ya lita 20. Maji hayo yasipotoka juani, yatatoka ndani ya gunia kama joto na ukungu.

Tatu, kupima. Asiye na kipima unyevu atumie chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudi juani. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya hapo. Ongeza siku moja ya jua kwa tahadhari, kisha hifadhi.

Nne, kuhifadhi. Mahindi yaliyotoka juani yaache kivulini yapoe kabla ya kuyafunga, kwani gunia linalofungwa likiwa na joto hutoa jasho usiku. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta kwa kiasi cha mkono, wala yasigusane na bati, kwa maana mvuke wa usiku huganda chini ya bati na kudondoka. Fagia ghala, choma mabaki ya mwaka jana, na usichanganye mahindi mapya na ya zamani. Mifuko isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kama Kinga Njaa, huua fukusi na dumuzi kwa kuwanyima pumzi, bila dawa yoyote. Lakini sharti lake ni moja: haikaushi. Ukitia humo mahindi mabichi utakuwa umefunga uozo.

Tano, dawa. Dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka huchanganya viambato viwili, kimoja kikali kwa fukusi na kingine kikali kwa dumuzi, kwa sababu kila mmoja anavumilia kile kinachomuua mwenzake. Nunua duka linaloaminika, tazama tarehe, fuata kipimo na siku za kusubiri zilizoandikwa. Hapa kwetu tunalima pamba, na zipo nyumba zinazochukua dawa ya kunyunyizia pamba na kuitia kwenye mahindi ya kula. Hilo ni kukimbia sumu moja na kunywa nyingine. Vidonge vya kufukizia navyo hutoa hewa inayoua watu, kwa hiyo visiwekwe kamwe ndani ya nyumba ambamo watu wanalala.

Sita, kuchambua kabla ya kusaga. Sumu nyingi hukaa katika punje chache zilizopasuka, zilizobunguliwa na zilizobadilika rangi. Ungo na macho ya mama vinaweza kupunguza sehemu kubwa ya hatari. Kukoboa pia husaidia, kwani sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini, na kwa sababu hiyo hiyo pumba za mahindi mabovu ni hatari kwa kuku na ng'ombe. Kwa mwaka ambao una shaka na mahindi yako, sembe ni salama kuliko dona. Na ni vizuri nyumba isitegemee mahindi peke yake, uwele na mtama navyo vina nafasi katika chungu, mradi navyo vikaushwe.

NAFAKA ILIYOHARIBIKA IENDE WAPI?

Hapa ndipo elimu ya afya na elimu ya dini zinapokutana. Mtu akigundua magunia mawili yameota ukungu, moyo humwambia asikubali hasara yote. Atauza kwa mwenye mashine achanganye. Atampa mama wa jirani wa kuuza pombe. Atamwaga kwa kuku. Au, na hili ni zito zaidi, atatoa sadaka.

Kumbuka kuwa Qur'ani, katika Suratul Baqara, Aya ya 267, imewakataza waumini kukusudia kilicho kibaya katika walivyonavyo na kukitoa, hali wao wenyewe wasingekipokea isipokuwa kwa kufumba macho. Pishi ya Zakatul Fitri yenye ukungu inakwenda kwa nani? Kwa maskini, ambaye tayari hana chakula cha kuchagua. Kwa wanafunzi wa madrasa, ambao miili yao bado inakua. Mafukaha wa madhehebu yetu ya Shafi wameeleza kuwa zaka ya mazao hupimwa nafaka ikiwa imekauka na kusafishwa, na mtu wa afya anaona katika sharti hilo rehema kwa mpokeaji.

Kumuuzia mtu bila kumweleza ndiko kule kuficha kulikokemewa sokoni Madina. Kulisha kuku na ng'ombe ni kuizungusha sumu irudi, maana kuku hufa au hudumaa, na ng'ombe huitoa sehemu ya sumu katika maziwa tunayowapa watoto. Nafaka iliyooza ifukiwe shimo refu au ichomwe mbali na nyumba. Ukiwa na shaka tu, muone afisa afya au afisa kilimo wa kata kabla ya kuila au kuiuza. Kwa upande wa vyakula sokoni, kazi ya kusimamia usalama wake iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania tangu mwaka 2019, na kiwango cha Afrika Mashariki ni aflatoksini isiyozidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Wafanyabiashara wetu waliuona uzito wake Machi 2021, Kenya iliposimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo.

TAHADHARI KABLA YA MSIMU

Hali ya hewa ya miaka hii haitabiriki kwa mazoea ya wazee. Mvua za vuli za 2019 zilizidi kiasi na kuendelea hadi mwanzoni mwa 2020, na Mei ya mwaka huo ziwa letu likapanda hadi kimo ambacho halikufika tangu 1964. Kisha kati ya 2020 na 2022 Afrika Mashariki ikapata misimu ya ukame. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zikarudi. Katika miaka ya ukame tuogope aflatoksini ya shambani, na katika miaka ya mvua tuogope gunia lisilokauka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu wa vuli na masika, na hutangazwa redioni. Ukisikia kuwa mvua zitazidi au zitachelewa kukatika, nunua turubai sasa, wakati bei haijapanda. Wenye uwezo mtaani wanaweza kununua moja kubwa la pamoja, na uongozi wa msikiti unaweza kuruhusu ukumbi wa madrasa utumike kuingizia mahindi ya majirani siku za mawingu. Ukumbi wa madrasa ukilala umejaa mahindi ya watu wa mtaa kwa wiki mbili za Februari, hiyo nayo ni kinga ya maini ya watoto wanaosoma humo.

Wabillahi tawfiq.